Jina la Kadi Libadilike, Mtandao Usikatike

Toleo hili barua nyingi zimetoka Lamu na Malindi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: namna ya kubadili jina la kiolesura cha mtandao kwenye Linux wakati kinafanya kazi. Amri zote hapa chini ziendeshwe kama root, yaani mtumiaji mkuu wa mashine.

Swali: Assalaam alaikum wahariri. Nasimamia nyumba ya wageni Shela, Lamu. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe, waifai haipenyi, kwa hiyo kila ghorofa ina kifaa chake na nyaya zote zinaishia kwenye kompyuta ndogo ya Debian 12 ambayo ndiyo ruta. Ina kadi mbili: enp1s0 ya kwenda nje na enp2s0 ya wageni. Nataka enp2s0 iitwe "wageni", ili hata kijana wa zamu ya usiku aelewe anachokiona. Nikiandika amri ya kubadili jina najibiwa "Device or resource busy". Mwenzangu wa Malindi ana Ubuntu 24.04, na kwake amri hiyo hiyo inapita bila neno. Kasoro iko wapi?

Jibu: Wa alaikum salaam. Kompyuta yako haina kasoro, ila kerneli zenu, yaani viini vya Linux, ni za matoleo mawili tofauti. Debian 12 ilitoka na kerneli 6.1, Ubuntu 24.04 ikatoka na 6.8, na mambo yalibadilika kwenye 6.2, ya Februari 2023. Kazi ya kubadili jina hufanywa na dev_change_name, iliyomo kwenye faili net/core/dev.c. Zamani ilikuwa ikitazama kwanza kama kiolesura kimewashwa, yaani kina alama ya IFF_UP. Ikiikuta alama hiyo, inarudisha EBUSY, yaani ule ujumbe wa "Device or resource busy", na kazi inaishia hapo. Mwaka 2019 ruhusa ilitolewa kwa kadi za failover (za akiba, zinazoshika kazi nyingine ikianguka) za mashine pepe peke yake, kwa sababu kerneli yenyewe ilikuwa ikiziwasha kabla udev, programu inayovipa vifaa majina, haijapata nafasi ya kuzipa jina. Kerneli 6.2 ikaondoa sharti hilo kwa kadi zote.

Liliweza kuondolewa kwa sababu ndani ya kerneli jina halina uzito mkubwa. Kila kiolesura kina namba yake, ifindex, na jina ni kama lakabu ya mtaani kando ya namba ya kitambulisho. Anwani za IP, njia kwenye jedwali la njia, uanachama wa bridge (daraja linalounganisha kadi kadhaa), vyote vimefungwa kwenye namba, na namba haibadiliki jina linapobadilika. Wanaoshika jina ni programu za nje ya kerneli, na hao ndio watakaokusumbua. Msomaji wa pili amekutana nao.

Kwenye 6.1 yako, fanya hivi:

ip link set dev enp2s0 down
ip link set dev enp2s0 name wageni
ip link set dev wageni up

Ziandike kwenye mstari mmoja ukiziunganisha kwa &&, ili usipoteze muda kuchapa huku watu wamekatika. Kadi ya gigabiti huchukua sekunde chache kuelewana upya na swichi, basi. Baadaye tazama dmesg, yaani kumbukumbu za kerneli. Utaona mstari unaosema "wageni: renamed from enp2s0". Kwa mwenzako wa Ubuntu, mstari huo huishia na maneno "(while UP)", na ndiyo njia rahisi ya kujua kama jina lilibadilishwa kadi ikiwa imewashwa.

Kabla hujagusa chochote, ujue kinachopotea kadi inapozimwa. Anwani za IPv4 hubaki. Njia zote zinazopita kwenye kadi hiyo hufutwa. Ikiwashwa tena, kerneli hurudisha njia ya mtandao ulioungwa moja kwa moja, lakini njia ulizoongeza kwa mkono na njia kuu ya kwenda nje hairudishi. Anwani za IPv6 huondoka, isipokuwa zile za kudumu ukiwa umeweka keep_addr_on_down kuwa 1. Kwa kadi ya wageni hasara hii ni ndogo, maana wanaokaa nyuma yake wako kwenye mtandao ulioungwa moja kwa moja.

Kadi ya nje ina hesabu nyingine. Ukitumia MASQUERADE (kanuni ya fayawoli inayowatoa wageni wote nje kwa anwani moja), kuzima kadi ya kutokea kunafuta kumbukumbu za miunganisho yote iliyokuwa ikipita hapo. Mgeni aliye katikati ya simu ya video atakatika na itabidi aanze upya, hata kama kadi imerudi mara moja. Na kama mtoa huduma wako anatumia PPPoE (kuingia kwake kwa kikao juu ya waya), kerneli huvunja kikao cha PPPoE palepale kadi ya chini inapozimwa. Jina likibadilishwa kadi ikiwa imewashwa, kwenye 6.2 na kuendelea, hayo mawili hayatokei. Kwa hiyo enp2s0 ibadilishe hata mchana wakati wageni wako ufukweni. enp1s0 iache mpaka usiku wa manane, au iache kabisa.

Je, inafaa kupandisha kerneli kwa ajili ya hili tu? Kwa maoni yetu, hapana. Sekunde chache za kukatika kwa kadi ya ndani hazilingani na usumbufu wa kubadili kerneli kwenye mashine inayotegemewa na nyumba nzima. Siku utakapohamia Debian 13, yenye 6.12, utaipata bure.

Jambo la mwisho kwako: amri hizo hazidumu. Ukiwasha upya mashine, jina enp2s0 linarudi. Tengeneza faili ya .link, inayoiambia udev jina la kuipa kadi, kama ile ya jibu la tatu, ila kwa kadi iliyofungwa ndani ya mashine kama yako tumia PermanentMACAddress= badala ya Path=. Usitumie MACAddress= kama una VLAN (mtandao pepe juu ya kadi) au bridge juu ya kadi hiyo, kwa sababu hizo huazima anwani ya MAC (kitambulisho cha kadi kwenye waya) ya kadi ya chini na udev itajaribu kuzipa jina lile lile. Kisha badilisha jina ndani ya /etc/network/interfaces, kwenye mstari wa auto na wa iface. Usishangae kabla ya kuwasha upya ukiandika "ifdown wageni" ukaambiwa haijasanidiwa: ifupdown ina daftari lake chini ya /run/network, na humo bado limo jina la zamani.

Swali: Mimi nina saiba Malindi mjini, Ubuntu 24.04. Nilibadili enp3s0 ikawa "saiba" watu wakiwa wanatumia, hakuna aliyelalamika. Baadaye kompyuta zikizimwa na kuwashwa zikawa hazipati anwani. Mbaya zaidi, kanuni ya fayawoli inayozuia kompyuta za wateja kufika kwenye kompyuta ya hesabu iliacha kufanya kazi. Natumia dnsmasq, nftables, na skripti moja ya zamani ya iptables. Nikirudisha jina la zamani yote yanakaa sawa. Kwa nini kerneli iniruhusu kisha iniharibie?

Jibu: Kerneli imefanya ulichoiomba. Ilipobadili jina ilitangaza kwa netlink, njia yake ya kuzungumza na programu, kwamba ifindex fulani sasa inaitwa saiba. Programu inayosikiliza matangazo hayo na kuyafanyia kazi haiyumbi. Iliyosoma jina mara moja kwenye faili yake ya mipangilio inaendelea kulisubiri jina ambalo halipo tena. Tuzipitie zako.

dnsmasq ina mstari interface=enp3s0. Ombi la DHCP, yaani la kompyuta kuomba anwani, likifika, inachukua namba ya kiolesura kilicholipokea, inaigeuza kuwa jina, inapata "saiba", inatazama orodha yake, haimo, inalitupa ombi. Kompyuta ambazo tayari zina anwani huendelea kuitumia mpaka muda wake uishe, ndiyo maana mwanzo hukuona kitu. Badilisha mstari huo, kisha systemctl restart dnsmasq. Kuipelekea ishara ya HUP hakutoshi, kwa sababu kwa HUP dnsmasq haisomi upya dnsmasq.conf.

iptables hulinganisha herufi. Kanuni yenye -i enp3s0 inadai pakiti iingie kupitia kiolesura chenye jina hilo hilo. Sasa hakuna, kwa hiyo hailingani na pakiti hata moja, na haitoi onyo lolote. Tazama safu ya hesabu za pakiti kwa iptables -L -v -n: kanuni iliyokufa utaijua kwa namba isiyosogea. Hapa kuwa mwangalifu sana. Kanuni ya kuruhusu ikifa, mtandao unakatika na simu yako italia. Kanuni ya kuzuia ikifa, wateja wanapita na hakuna atakayekupigia kukushukuru. Kompyuta yako ya hesabu ilibaki wazi kwa njia hiyo.

nftables ina njia mbili, na wengi huzichanganya. iifname hulinganisha herufi kama iptables. iif hulinganisha ifindex: jina ulilolitaja hugeuzwa kuwa namba kanuni inapopakiwa, na tangu hapo jina halihusiki. Unaweza kuliona hili kwa macho. Baada ya kubadili jina, andika nft list ruleset. Kanuni zenye iif zitaonyesha "saiba" bila wewe kuzigusa, zenye iifname zitaendelea kuonyesha "enp3s0".

Usikimbilie kuona iif ndiyo bora. Faili ya /etc/nftables.conf bado ina jina la zamani, na ukiipakia upya itakataliwa kwa kuwa kiolesura hakipo. nft hupakia faili yote au haipakii kabisa, hivyo kosa la mstari mmoja mashine inapowaka linakuacha bila fayawoli hata kidogo. iif inafaa kwa lo na kwa kadi zilizofungwa ndani ya mashine. Kwa kinachoweza kuchelewa kuonekana au kuchomolewa, tumia iifname.

Mipangilio ya sysctl, yaani ya kerneli yenyewe, ina tabia ya kati na kati. Folda ya /proc/sys/net/ipv4/conf/enp3s0 inageuka kuwa ya saiba na thamani zake, kama rp_filter, zinabaki zilivyo. Lakini mstari ulio kwenye /etc/sysctl.d unaolitaja enp3s0 hautapata mahali pa kuandika mashine itakapowaka tena. vnStat, kama unaitumia kupima matumizi ya mtandao, nayo huweka hesabu kwa jina, kwa hiyo takwimu za mwezi zitakatika vipande viwili. Simamisha huduma yake, endesha vnstat -i enp3s0 --rename saiba, kisha iwashe. tcpdump (ya kutazama pakiti) iliyokuwa inaendelea haitashtuka, kwa sababu soketi yake imefungwa kwenye namba.

Safari nyingine, kabla ya kubadili jina, endesha hizi mbili:

grep -rnw enp3s0 /etc /usr/local /var/spool/cron
(iptables-save; nft list ruleset) | grep -w enp3s0

Kila mstari utakaotokea unahitaji kuhaririwa. Badilisha faili kwanza, kisha jina, kisha washa upya huduma zinazohusika, fayawoli ikitangulia dnsmasq. Na kwa kuwa Ubuntu yako inatumia netplan kwa mipangilio ya mtandao, jina la kudumu unaweza kuliweka humo humo kwa match yenye macaddress pamoja na set-name.

Swali: Habari za kazi. Niko Faza, kisiwa cha Pate. Ruta yetu ni kompyuta ya mkononi ya zamani yenye adapta ya USB ya waya kwa upande wa nje. Hewa ya chumvi inakula adapta hizi, na kila nikinunua mpya jina linabadilika, enx na herufi nyingi, na fayawoli yote inabidi niiandike upya. Nifanyeje jina lisibadilike?

Jibu: Ile enx hufuatwa na anwani ya MAC ya adapta. Adapta mpya ina MAC mpya, basi na jina ni jipya. Unachotaka ni jina lifuate tundu la USB, chochote kitakachochomekwa humo. Chomeka adapta kwenye tundu utakalolitumia siku zote, kisha uliza anwani ya tundu, ukiweka jina lililopo sasa:

udevadm info /sys/class/net/enx0011223344aa | grep ID_PATH=

Utapata kitu cha namna ya pci-0000:00:14.0-usb-0:2:1.0. Ile 2 baada ya nukta mbili ni namba ya tundu. Andika faili /etc/systemd/network/10-nje.link yenye mistari hii tu:

[Match]
Path=pci-0000:00:14.0-usb-0:2:1.0

[Link]
Name=nje0

Namba 10 mwanzoni ina kazi. Faili hizi husomwa kwa mpangilio wa majina na ya kwanza kulingana ndiyo inayotumika, na kwenye Debian ile inayotoa majina ya enx huanza na 73. Yako ikiwa na 80 haitafikiwa. Usiongeze NamePolicy= kwenye faili hiyo, kwa kuwa sera ikipata jina, Name= inaachwa. Na usichague eth0 wala wlan0. Hayo ni majina ambayo kerneli yenyewe huyagawa, na siku kadi nyingine ikiliwahi, udev itaambiwa "File exists".

Jaribu kabla ya kuchomoa kitu: udevadm control --reload, kisha

udevadm test-builtin net_setup_link /sys/class/net/enx0011223344aa

Kwenye majibu tafuta ID_NET_LINK_FILE, itaje faili yako, na ID_NET_NAME, iwe nje0. Ikiwa sawa, chomoa adapta na uirudishe, jina litakuja jipya bila kuwasha upya mashine. Malizia kwa update-initramfs -u, kwa sababu nakala ya faili hizi hukaa pia ndani ya initramfs (mfumo mdogo unaotangulia mashine inapowaka), na nakala ya zamani humo inaweza kutoa jina la zamani mashine inapowaka.

Kuna mtego. Ukitoka adapta ya USB 2 ukaenda ya USB 3, tundu lile lile linaweza kuonekana kwa namba nyingine, maana kidhibiti huhesabu matundu ya kasi hizo mbili mbalimbali. Path= inakubali anwani zaidi ya moja zikitenganishwa kwa nafasi, kwa hiyo ziweke zote mbili.

Na mguso ulioliwa na chumvi haufi ghafla. Huanza kwa adapta kupotea na kurudi, na dmesg hujaa "USB disconnect". Kila inaporudi, kwa kerneli ni kifaa kipya chenye ifindex mpya, hata kama jina ni nje0 lile lile. Hapo kanuni za nftables zenye iif ndizo zinazokufa, na zenye iifname zinaendelea. Kwa adapta za USB usitumie iif.

Swali: Langoni, Lamu. Nataka kiolesura kiitwe "mtandao-wa-wageni". Kinakataa, "not a valid ifname".

Jibu: Jina lako lina herufi 17, na mwisho ni 15: nafasi ni 16 na moja ni ya alama ya mwisho. Mkwaju wa kulala (/), nukta pacha (:) na nafasi tupu haviruhusiwi pia. Nukta moja inaruhusiwa, ila itakuudhi kwenye sysctl, ambako nukta ndiyo inayotenganisha sehemu. Kama unalipenda jina refu, kuanzia kerneli 5.5 unaweza kuliongeza kama jina la pili, hadi herufi 127, bila kugusa la kwanza na bila kuzima kitu:

ip link property add dev enp2s0 altname mtandao-wa-wageni

Amri ya ip italitambua. iptables haitalitambua, dnsmasq vilevile. Ni zuri kwa kusomwa na watu, fayawoli iachie jina fupi.

Swali: Naweza kubadilishana majina, lan0 iwe lan1 na lan1 iwe lan0?

Jibu: Unaweza, ukitumia jina la tatu la muda. lan0 iwe muda, lan1 iwe lan0, muda iwe lan1. Ukijaribu moja kwa moja utapata "File exists". Kumbuka kanuni za iptables zitabaki na majina, kwa hiyo mara tu baada ya kubadilishana kila kanuni itakuwa imehamia kadi ya pili. Mara nyingine hicho ndicho unachokitaka, mara nyingine unakuwa umewafungulia watu wa nje mlango wa ndani.

Swali: Ruta iko Manda nami niko Mokowe, naingia kwa SSH kupitia kadi hiyo hiyo ninayotaka kuibadili jina. Kerneli ni 5.15. Nipande boti?

Jibu: Si lazima, ila usiandike amri tatu moja moja: ya kwanza itakukata na mbili hutaweza kuzituma. Zipe systemd iziendeshe yenyewe, pamoja na njia kuu, ambayo tumekwisha kusema haijirudishi:

systemd-run sh -c 'ip link set enp1s0 down; ip link set enp1s0 name nje; ip link set nje up; ip route add default via 192.168.1.1 dev nje'

Weka anwani ya lango lako mahali pa hiyo. Kabla ya kubonyeza, tega kinga: shutdown -r +15. Mambo yakiharibika mashine itajiwasha upya na jina la zamani litarudi, mradi hujaandika bado faili ya .link wala kugusa mipangilio ya kudumu. Tumesema 15 makusudi, kwa sababu dakika 5 za mwisho kabla ya mashine kuzimwa, systemd huwazuia watumiaji wa kawaida kuingia, na kwa +5 ungejikuta umefungiwa nje na mtandao ukiwa mzima. Hakikisha pia fayawoli inaruhusu SSH kwa jina jipya kabla halijawepo. iptables na iifname hazijali kama kiolesura kipo, zinakubali kanuni ya "nje" mapema. Ukiweza kuingia tena, andika shutdown -c, kisha ndipo uandike faili ya .link.